Santuri Isiyoandikwa Kitu

Kukhu alisikiliza wimbo wote bila kusogea, simu yangu ikiwa juu ya paja lake. Ulipokwisha akasema maneno ambayo sikuyaelewa siku ile, na ambayo bado yananizungusha kichwa.

"Wimbo ni wake," alisema. "Sauti si yake."

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bungoma. Anaishi karibu na Bumula, katika boma alilojenga pamoja na babu yangu, na aliyekuwa akimsema ni babu. Mimi nilizaliwa Kitale, na babu nilimwona mara chache kabla hajafa. Uso wake siukumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni watu wazima wakipita njiani na kumwuliza, "Mzee, santuri imefika?" naye akiinua mkono bila kujibu. Nilikuwa mdogo, nikadhani hiyo ni salamu ya pale, kama vile watu wa mahali pengine wanavyouliza habari za ng'ombe.

Haikuwa salamu. Zamani, mama yangu akiwa bado anabebwa mgongoni, babu alipanda lori la mahindi akaenda Nairobi. Alirudi baada ya siku nne akisema ameimba ndani ya chumba ambacho kuta zake zimefunikwa blanketi, na kwamba sauti yake itauzwa madukani. Watu walingoja. Mahindi yalivunwa mara moja, yakavunwa mara ya pili, na santuri haikuja. Ndipo swali lile likaanza, kwanza penye pombe, halafu njiani, halafu hata watoto wakalijua. Kukhu aliniambia kwamba siku ya mazishi, jeneza likishushwa, kuna mtu nyuma alinong'ona kuwa labda sasa santuri itafika, na watu wakacheka wakiwa wameinamisha vichwa. Alisikia.

"Nilizika mtu mwongo," aliniambia, "na sijui kama alikuwa mwongo."

Alichotaka kujua ni hicho tu. Na kwa sababu hiyo mimi nilianza kununua santuri.

Kazi yangu Kitale ni kushona midomo ya magunia katika stoo ya mahindi. Nyuzi tunanunua kwa mzee mmoja wa kilemba, Kalasinga kama watu wa mjini wanavyosema. Anauza nyuzi, misumari na minyororo ya baiskeli, lakini wakati wa baba yake duka hilo liliuza gramafoni na santuri. Siku moja nilikuta mlango wake umezuiwa na sanduku la mbao ili upepo usiufunge. Ndani ya sanduku mlikuwa na santuri zimesimama kama sahani kwenye kabati. Nilisimama nikiziangalia mpaka yule mzee akaniuliza:

"Wewe nanunua nyuzi ama nanunua mlango?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Akaniambia kwamba hizo ni sampuli. Kabla kiwanda hakijatoa santuri nyingi kilitoa chache za kujaribu, na zile chache hazikuandikwa kitu. Katikati, mahali pa jina la mwimbaji na jina la wimbo, palibandikwa karatasi nyeupe tu. Zililetwa kwa wenye maduka ili wasikilize waseme wanataka ngapi. Wenye maduka wakisema hawataki, basi. Santuri haikutolewa tena, na sampuli ikabaki pale ilipobaki.

Niliporudi kazini nilishona magunia mengi bila kuyaona. Kama babu hakusema uongo, sauti yake haiwezi kuwa kwenye santuri yenye jina. Iko penye karatasi nyeupe, au haiko popote. Nilitaka kurudi kumwambia mzee habari hiyo yote, aniangalizie, lakini kila nilipofika dukani maneno yalikwama, nikanunua tu ile iliyokuwa mbele. Jumamosi iliyofuata nikanunua nyingine.

Mashine ya kuzichezea niliipata kwa wauza vyuma vikuukuu karibu na soko. Mota yake ilikuwa nzima ila haikuwa na mkanda wa kuzungushia sahani ya kuwekea santuri. Nilichukua blada, ile mipira inayokatwa kwenye tyubu ya baiskeli watu wafungie mizigo, nikakata pete moja, nikaivuta kwenye gurudumu la mota. Sahani ikazunguka. Nilifurahi sana na sikuuliza zaidi.

Wala sikuwa na cha kunifanya niulize. Santuri zangu zote zilikuwa nyeupe katikati, na nyimbo zake hakuna aliyewahi kuzisikia. Katika ya kwanza mwanamke aliimba Kikikuyu na akordioni. Jirani yangu, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri, alisikiliza akasema hajui huo wimbo, ila mama huyo anaimba kama ameacha maziwa jikoni. Ya tatu haikuwa na muziki, ni mtu tu anasema moja, mbili, moja, mbili, halafu kimya. Hiyo nayo niliiweka. Nilizipenda kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu. Kitu hakina jina, hakina uso, na bado kinakuimbia.

Ya saba ndiyo iliyokuwa na litungu, kinanda cha nyuzi cha kwetu. Nyuzi zililia, chupa ikagongwa, na sauti ikaanza kuimba Kibukusu habari za mwanamke aliyekataa kuchuja pombe mpaka wageni walale kwanza njaa. Nilisimamisha sahani kwa mkono. Maneno hayo niliyajua. Kukhu huyaimba akipepeta, na aliniambia mwenyewe kwamba ni babu aliyeyatunga.

Nilingoja Jumapili, kwa sababu siku nyingine mashine ya kusaga unga iliyo ukuta kwa ukuta na chumba changu hainyamazi. Nikaweka simu ndani ya sufuria tupu mbele ya spika ili sauti isitawanyike, nikarekodi. Ndiyo rekodi niliyompelekea kukhu Bumula, na ndiyo aliyoisikiliza akasema wimbo ni wake, sauti si yake.

Nilimwuliza ana hakika gani. Akaniambia huyo ni kijana ambaye hajaoa, tena ana baridi. Babu yangu sauti yake ilitoka tumboni, ukiwa umeegemea ukuta unaisikia kwenye ukuta.

"Sasa huyu ni nani, kukhu?"

"Ni mtu aliyemwibia."

Aliingia ndani akaanza kuchambua maharagwe ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa. Nilikuwa nimemletea jibu, na jibu lilikuwa baya kuliko swali. Zamani alikuwa na mume ambaye huenda alikuwa mwongo. Sasa alikuwa na mume aliyeibiwa, na hakuna wa kumshtaki.

Nikafanya kosa. Kwenye simu niko katika kundi la watu wanaopenda santuri za kale. Mimi huandika polepole, nikimaliza sentensi moja wenzangu wameshahamia habari nyingine, kwa hiyo kwa kawaida husoma tu. Lakini safari hii niliweka ile rekodi na kuuliza nani anaijua sauti hii. Hakuna aliyeijua. Mkusanyaji mmoja wa Nairobi akaniandikia pembeni, akaomba aisafishe na kuiweka kwenye mtandao pamoja na nyingine kama hizo, watu wote waisikie. Nilikubali. Nilifikiri ikisikika kila mahali, yule mwizi au mtoto wa mwizi atajitokeza.

Ilitoka katika albamu yenye picha nzuri. Picha yenyewe ilikuwa ya mwanamume ameshika gitaa chini ya minazi. Niliiangalia kwa muda mrefu. Bungoma hakuna minazi, na katika wimbo ule hakuna gitaa. Chini yake paliandikwa kwamba mwimbaji hajulikani. Mikwaruzo yote ilikuwa imeondolewa, na chini ya litungu palikuwa na ngoma ambayo kwenye santuri yangu haipo. Nilirudi kusikiliza santuri ili nione kama ngoma ilikuwako nikaikosa. Haikuwako.

Watu waliipenda. Baada ya wiki chache niliisikia pale wanapoegesha bodaboda, karibu na stoo yetu. Kijana mmoja aliyekuwa akiicheza aliniona nimesimama.

"Niaje buda. Hii ngoma huijui?"

"Siijui," nilimwambia.

Akasema basi mimi ni mshamba, ati hata watoto wanaijua. Nilienda zangu. Sijui kama nilimdanganya. Nilikuwa na wimbo mmoja nyumbani usio na jina, na wimbo mwingine wenye uso wa mtu mwingine kwenye simu za watu, na wa tatu alikuwa nao kukhu kichwani, na hizo tatu hazikufanana.

Aliyeona kasoro ni yule mzee wa duka. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegesha mbele ya mlango wake akiucheza wimbo ule, nami nilikuwa ndani nikingoja nyuzi. Mzee aliinua kichwa.

"Huyu naimba kama polisi iko nyuma yake," alisema.

Sijui kwa nini siku hiyo niliweza. Nilimwambia wimbo huo umetoka kwenye sanduku lake. Nikamweleza habari za babu, za lori, za blanketi ukutani, mpaka nikashangaa mwenyewe kwamba ninazungumza. Hakunikatiza. Mwishoni aliniambia nilete mashine na ile santuri.

Niliibeba ndani ya gunia. Mzee alibandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, akavua saa yake akaiweka kando, akaiwasha mashine. Kila karatasi ilipopita mbele yake midomo yake ilisogea. Alisema ndivyo baba yake alivyompimia kila mashine kabla haijauzwa: santuri ndogo izunguke mara arobaini na tano kwa dakika moja, isizidi. Dakika ilipoisha akazima.

"Hamsini na sita."

Akainua sahani, akaitoa blada yangu kwa vidole viwili kama mtu anayetoa kupe kwa mbwa.

"Nani nafunga hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Hii ya kufunga makaa kwa baiskeli."

"Ndiyo, mzee."

"Mashini yako iko na haraka kuliko mwenyewe."

Alinieleza kwamba blada ni nene, na unene wake unalifanya gurudumu dogo la mota kuwa kubwa, ndipo sahani inakimbia. Ingekuwa santuri yenye maandishi, ningeona imeandikwa mwendo wake, au ningekuta wimbo ninaoujua nikashtuka. Lakini mimi nilikuwa nimekusanya santuri ambazo hazisemi kitu. Zote nilikuwa nimezisikia zikikimbia, hata yule bwana wa moja, mbili, moja, mbili.

Alichukua wembe akaikwangua blada kwa ndani, taratibu, akaifunga, akahesabu. Hamsini na mbili. Akaikwangua tena. Mteja aliingia akitaka misumari, akaambiwa arudi baadaye. Arobaini na tisa. Mimi nilishika upande mmoja, yeye akakwangua mwingine. Ilipofika arobaini na tano alihesabu mara mbili zaidi ili awe na hakika, kisha akaniambia niweke sindano.

Wimbo ulishuka. Sina neno jingine. Yule kijana mwenye baridi alizeeka mbele yetu, akawa mwanamume mwenye mke na shamba. Litungu likapata uzito. Na chini ya sauti ya kwanza palikuwa na sauti ya pili inayoitikia, ambayo siku zote nilidhani ni mwangwi wa chumba.

Mzee alitabasamu, akachukua ganda la karatasi la santuri ile ili alipangushe vumbi. Akaligeuza. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya penseli ambayo mimi nilidhani ni uchafu. Tabasamu likaondoka.

"Hii mkono yangu," alisema.

Ilikuwa sifuri. Aliniambia siku zile alikuwa kijana, na baba yake alimpa kazi ya kusikiliza sampuli kwa sababu vijana ndio wanaojua kitakachouzwa. Mwaka ule kila mtu alitaka gitaa. Alisikiliza litungu na chupa, akaandika sifuri. Maduka mengine nayo labda yaliandika hivyo hivyo, hakujua. Alimwita mtu alete chai, akatia sukari nyingi kwenye kikombe changu bila kuniuliza. Nilikunywa. Sikujua kama napaswa kumkasirikia mtu ambaye ametoka kunikwangulia blada alasiri nzima. Nilipoondoka aliniambia nimsalimie bibi yangu. Nilibeba hiyo salamu mpaka Bumula bila kujua kama nitaitoa.

Safari hiyo nilipeleka mashine yenyewe, na betri ya gari, kwa sababu stima kwa kukhu haijafika. Nikaiweka juu ya stuli uani. Wimbo ulipoanza alisikiliza sauti ya kwanza, akatikisa kichwa. Halafu akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha sindano mwanzo.

"Huyo anayeitikia."

"Yupi, kukhu?"

"Huyo wa chini, anayegonga chupa. Sikia. Anachelewa."

Nilisikia. Kila mara mwimbaji alipomaliza, yule wa pili aliingia kidogo nyuma ya mahali pake, kama mtu aliyekuwa akiinamia kufunga kamba ya kiatu. Kukhu alisema ndivyo alivyokuwa hata kanisani. Watu wote wakisema amina, yeye yake inakuja peke yake. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Nami nikacheka, nikidhani tumefika.

Kisha akaikunja leso.

"Alisema ameimba."

"Si ameimba, kukhu?"

"Ameitikia."

"Kuitikia si kuimba?"

Aliniangalia kwa huruma. "Papa," akaniita kama kukhu wanavyowaita wajukuu wa kiume, "wewe ukishika gunia mwenzako akishona, utasema umeshona?"

Sikumjibu, kwa sababu mimi husema hivyo.

Ndipo akanieleza kuhusu yule wa kwanza. Alikuwa mtu wa Malakisi, mkulima wa tumbaku, mwenye litungu. Msimu mmoja alikuwa akilala jikoni kwao, na usiku wa pombe yeye na babu walikuwa hawatengani. Lori la Nairobi walilipanda wote wawili. Baada ya safari hiyo hakuonekana tena Bumula. Ikasemekana ameokoka na litungu amelichoma, na miaka mingi baadaye kwamba amefariki. Na babu, ambaye alizungumza kuhusu chumba cha blanketi mpaka watu wakachoka, hakumtaja huyo mtu hata siku moja. Kukhu hakujua ni kwa nini. Alisema labda ni wivu. Mimi nilifikiri labda mwenzake ndiye aliyemwomba asimtaje, na babu akaitunza siri hiyo kwa kujiweka mahali pake. Lakini ninapofikiri hivyo huona namsaidia babu kwa sababu ni babu yangu.

Nilimpelekea mkusanyaji wa Nairobi rekodi ya mwendo sahihi. Maelezo yake yalinichukua mapumziko mawili ya chakula kuyaandika, kuhusu blada, wembe na arobaini na tano. Alinijibu kwa upole. Alisema watu wameshauzoea ule wa kwanza na hawezi kuuondoa, kwa hiyo huu mpya ameuweka chini yake, na ameuandika "toleo lililopunguzwa mwendo". Nilisoma mara tatu. Wimbo wenyewe, kama ulivyotoka kwenye chumba cha blanketi, ndio sasa uliohesabiwa kuwa umechezewa. Chini yake msikilizaji mmoja alikuwa ameandika kwamba si mbaya, lakini yeye anapenda wa asili. Mwishoni mkusanyaji alisema kama familia ya mwimbaji imepatikana nimpe jina, ataliweka pale palipoandikwa hajulikani.

Kukhu alinikataza nisiandike kitu kwanza. Alisema watu wa Malakisi lazima waulizwe. Sauti ya marehemu haiwezi kuzunguka duniani na jina juu yake kabla watu wake hawajaisikia nyumbani kwao.

Tulienda siku ya Alhamisi. Kukhu alivaa nguo ya kanisani, mimi nikabeba mashine na betri. Boma hilo halikuwa gumu kulipata, kwa sababu yule mtu alikufa akiwa mzee wa kanisa na kila mtu alimjua. Tulimkuta binti yake, mama wa umri wa mama yangu, ameketi mlangoni akichambua majani ya tumbaku, mapana upande huu, yaliyochanika upande ule. Alitukaribisha, akaleta viti na chai. Kukhu alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo. Aliuliza habari za mvua, za bei ya tumbaku, za watoto wote. Hatimaye akasema tumeleta kitu cha kusikilizwa.

Sauti ya kwanza ilipoingia, mkono wa yule mama ulisimama juu ya majani. Hakuusogeza mpaka mwisho.

"Ni baba," alisema.

Kukhu aliitikia kwamba ndiyo, ni yeye, na anayegonga chupa ni mumewe.

"Ni sauti ya baba," alisema tena. "Lakini baba hakuimba."

Aliendelea kusema kwamba baba yao hakuruhusu hata kopo kugongwa katika boma hili. Walikua wakidhani hajui nyimbo zozote isipokuwa za kitabu cha kanisa, na hata hizo alizisema tu, hakuziimba. Sasa tumekuja na sanduku na baba yake anaimba pombe.

"Mnataka niwaambie nini watoto?" aliuliza, na hakuwa amekasirika. Nadhani alikuwa anauliza kweli.

Niliwaza kwamba Bumula kulikuwa na mtu aliyesema ameimba akakataliwa, na hapa kulikuwa na mtu aliyeimba asiseme, na wote wawili walikuwa mle ndani ya santuri moja, wakizunguka mara arobaini na tano kwa dakika, na hakuna aliyewataka.

Yule mama akamwomba kukhu jambo moja. Jina la baba yake lisiandikwe popote. Kanisani wangali wanamtaja katika maombi.

"Andikeni mzee wenu," alisema. "Si yeye ndiye aliyetaka?"

Kukhu alisema sawa haraka sana, nikashangaa. Alimshika yule mama mikono yote miwili, wakaombeana, wakapeana njugu na sukari guru, tukaaga.

Tulipofika kwake Bumula, kukhu aliniambia nitoe simu niandike jina la babu mahali pa mwimbaji. Alivuta kiti karibu na changu. Nilimkumbusha kwamba babu hakuwa mbele, alikuwa anaitikia, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha habari ya gunia. Akasema anajua alichonifundisha. Lakini kule mbele sasa hakuna mtu. Mwenyewe amekataa. Mahali pakiwa wazi, na mtu wako alipatamani miaka yote mpaka akafa akichekwa, ufanye nini?

Hata sasa sijui. Nilianza kuandika jina la babu, herufi moja baada ya nyingine, naye akifuata kidole changu. Jina likaisha. Nilitaka kusimama hapo. Lakini kidole kikaendelea, nikaandika neno jingine baada ya jina, na yeye, ambaye kusoma kwake ni kwa shida, aliona kwamba mstari umerefuka.

"Hilo la pili linasema nini?"

"Mwitikiaji," nilimwambia.

Alikaa akiliangalia. Kuku walipita katikati yetu na hakuwafukuza. Nilifikiri ataniambia nilifute, na kama angeniambia ningelifuta.

"Basi liandike dogo," alisema.

Nilimweleza kwamba kwenye simu siwezi. Herufi zote zinatoka kimo kimoja, za jina na za hilo neno. Aliichukua simu akaishika mbali na macho, kisha karibu, kana kwamba anatafuta mahali ambapo neno moja litapungua na jingine libaki. Halafu akanirudishia.

"Peleka hivyo hivyo," alisema. "Watu hawasomangi mpaka mwisho."